Gari inamisi na haiponi: tafuta silinda kwanza, dukani baadaye

Gari ya zamani ikianza kumisi, yaani injini kukatakata na kutikisika kwa kuwa haiwaki sawasawa, safari ya kwanza ya wengi wetu ni dukani. Inanunuliwa seti ya plagi, gari bado inamisi. Zinanunuliwa waya, bado. Koili ya mtumba, bado. Mwishowe mtu anaambiwa injini imechoka, atafute nyengine. Kwa aliye Pemba hasara inazidi, maana spea ikikosekana Chake Chake inaagizwa Unguja au Dar es Salaam, inasubiri boti, na ikifika huenda siyo yenyewe. Pesa imekwenda, gari imelala, na ugonjwa haujajulikana.

Ninaloshikilia mimi ni hili: usinunue kitu mpaka ujue ni silinda gani (chumba cha injini inamoungua petroli) haifanyi kazi, na silinda hiyo inakosa nini. Ili silinda iwake inahitaji mambo matatu: moto wa plagi (cheche), petroli na hewa kwa kiasi chake, na mbano wa kutosha, yaani kompresheni. Ukishajua kipi kimekosekana na kwenye silinda ipi, kazi iliyobaki ni ya spana tu.

Maelezo haya ni ya gari za petroli zenye silinda nne, za miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa 2000: Escudo, RAV4 za mwanzo, Noah, Corolla, Carina na jamaa zao. Dizeli haina plagi za kuwasha moto, ina taratibu zake, na haimo humu.

Inamisi wakati gani?

Kabla hujafungua boneti, jiulize ugonjwa unatokea lini. Fundi mzuri atakuuliza hivyo hivyo, na jibu lako linaweza kumpunguzia nusu ya kazi.

Ikiwa inamisi asubuhi tu, khasa baada ya mvua ya masika au usiku wa umande, kisha inatulia injini ikishapata joto, shuku unyevu kwenye njia ya moto: waya za plagi, kepu (kifuniko) ya distribyuta inayogawa moto kwa kila silinda, koili inayouzalisha. Kwetu hili ndilo la kwanza kufikiriwa. Hewa ya bahari ina chumvi, chumvi inavuta maji, na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri. Ufa ambao kwenye nchi kavu ungekaa miaka bila kuleta tabu, hapa unaonekana mapema.

Ikiwa inatetemeka kwenye sailensa, yaani injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta, lakini ukikanyaga mafuta inatulia, mara nyingi kuna hewa inayoingia pasipo njia yake, kwenye hosi iliyopasuka au gasketi ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda).

Ikiwa kwenye sailensa ni nzima lakini inakatakata ikibeba mzigo au ikipanda mlima, moto ni dhaifu au petroli haifiki ya kutosha. Pemba ugonjwa huu haujifichi: ukitoka Chake kwenda Wete kwa gia ya juu, vilima vitakwambia. Unguja barabara nyingi ni tambarare, kwa hivyo ijaribu gari ikiwa na abiria, washa AC, ukanyage mafuta ikiwa kwenye gia kubwa na mwendo mdogo.

Ikiwa inamisi wakati wote, asubuhi na mchana, baridi na moto, na mtetemeko wake una mpangilio, basi silinda moja imelala kabisa. Weka kiganja karibu na mdomo wa bomba la moshi bila kuligusa. Silinda moja ikiwa imelala, pumzi zinapiga kwa mpango na katika kila nne moja inakosekana. Pumzi zikiruka ovyo bila mpango, tafuta kitu kinachotumiwa na silinda zote: rota (kipande kinachozunguka ndani ya distribyuta), koili moja inayogawa moto kwa zote, pampu ya petroli, au hewa.

Na ikiwa ilianza siku uliyojaza petroli, hilo nalo liandike. Karatasi na kalamu viwe karibu tangu mwanzo.

Usalama

Moto wa plagi ni maelfu mengi ya volti. Mwenye kifaa cha moyo kifuani asisogelee kabisa. Vua kanzu, funga mtandio nyuma, kunja mikono ya shati, kwa sababu mikanda na feni havichagui. Feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa. Fanya kazi pahala pa wazi. Moshi wa gari ndani ya banda unaua. Petroli isikaribie cheche wala sigara.

Betri na ethi

Hapa pita haraka lakini usiruke. Pima betri kwa multimita: injini ikiwa imezimwa, betri nzima inasoma karibu volti 12.6, ikiwaka, isome kati ya 13.5 na 14.5. Chini ya hapo, chaji ni ndogo na moto wa plagi utakuwa dhaifu. Kisha fuata waya wa ethi, yaani wa upande hasi, kutoka betri mpaka kwenye bodi na kwenye injini. Kwenye gari za pwani utakuta bolti imeota kutu au uchafu wa kijani. Fungua, kwangua mpaka chuma king'are, funga, paka grisi.

Silinda gani imelala

Washa injini, iache ipate joto, zima AC na taa. Simama pahala unaposikia vizuri.

Kama gari yako ni ya nozeli (vifaa vya umeme vinavyonyunyiza petroli), njia iliyo safi ni kuchomoa soketi ya umeme ya nozeli moja moja. Bonyeza kibanio chake, chomoa, sikiliza, rudisha, nenda ya pili. Ukichomoa nozeli ya silinda nzima, injini inashuka na kutikisika zaidi. Ukichomoa ya silinda iliyolala, hapana kinachobadilika. Hiyo ndiyo unayoitafuta. Sikiliza sekunde chache za mwanzo, kwa sababu kompyuta ya gari itajaribu kuipandisha sailensa na kukuchanganya.

Kama ni ya kabureta, au nozeli hazifikiki kwa mkono, tumia waya za plagi. Zima injini, chomoa waya mmoja, uchomeke kwenye plagi ya akiba, na mwili wa plagi hiyo uufunge vizuri kwenye chuma cha injini ili moto upate pa kwenda. Washa, sikiliza, zima, rudisha, endelea na mwengine. Usiuache waya ukining'inia hewani: moto ukikosa njia utajitafutia nyengine, na unaweza kuunguza koili. Usikae muda mrefu katika jaribio hili, maana petroli isiyoungua inateremka kwenye bomba la moshi.

Noah zile za zamani injini imekaa chini ya viti vya mbele, kwa hivyo kiti kinafunuliwa kwanza. Muweke mtu mwengine kwenye ufunguo, asiuguse mpaka umwambie.

Silinda namba 1 ni ile ya upande wa mkanda wa taimingi. Andika namba ya iliyolala. Injini nyingi za silinda nne, zikiwemo za RAV4 za mwanzo na Escudo ya 1600, zinawaka kwa mpango wa 1-3-4-2. Kama gari ilianza kumisi baada ya mtu kugusa waya, fuata mpango huo kwenye kepu, kwa upande inaozungukia rota, uhakikishe waya mbili hazijabadilishana.

Hamisha kitu kimoja kimoja

Tuseme iliyolala ni namba 3. Chukua plagi ya namba 3 uipeleke namba 2, ya namba 2 ije namba 3. Washa, rudia jaribio. Ugonjwa ukihamia namba 2, plagi ni mbovu, na umejua bila kutumia hata shilingi. Ukibaki namba 3, plagi haina kosa. Sasa badilisha waya, kama urefu unaruhusu. Gari yenye koili juu ya kila plagi, hamisha koili. Ukigusa vitu viwili kwa pamoja umeharibu ushahidi. Wengi wanaharakisha hapa, na hapa ndipo pesa inapopotea.

Plagi zitoe injini ikiwa baridi. Hedi ni ya aluminiamu na nyuzi zake zinang'oka kwa urahisi. Puliza mchanga na vumbi kabla hujafungua. Wakati wa kurudisha, anza kwa vidole mpaka ikae yenyewe, ndipo utie spana. Plagi mpya yenye washa (ringi ndogo ya chuma) inazidishwa kama nusu mzunguko baada ya kugusa, basi.

Soma plagi

Zipange plagi zote nne juu ya kitambaa kwa mpango wa silinda zake, uzitazame pamoja. Iliyo nzima ina rangi ya kahawia hafifu. Iliyojaa masizi makavu meusi inapata petroli nyingi au hewa kidogo. Iliyorowa petroli na kunuka haipati moto, au silinda haina mbano. Yenye mafuta mazito ya oili inatoka kwenye silinda yenye ringi au sili za valvu zilizochoka. Nyeupe yenye vidoa vilivyoyeyuka imepata joto kali, tafuta hewa ya ziada au upungufu wa petroli. Na kama tatu zina rangi na moja ni safi kabisa, imeoshwa: shuku maji ya rejeta yanaingia silinda hiyo.

Tazama pia sehemu ya nje. Mstari mweusi unaoteremka kwenye udongo mweupe wa plagi unaonyesha kuwa moto unapita nje badala ya kuruka kwenye ncha. Na ukikuta shimo la plagi limejaa oili, hiyo inatoka kwenye gasketi au sili za tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini. Badilisha sili kwanza, la sivyo plagi mpya na waya mpya vitaharibika vile vile. Ukikuta maji, uliza gari ilioshwa lini na kwa mpira wenye kasi gani.

Nafasi ya ncha ipime kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) kwa kufuata kibandiko cha chini ya boneti au kitabu cha gari. Injini nyingi za zama hizo ni milimita 0.8, baadhi ya Toyota ni 1.1. Plagi bandia zimejaa sokoni, na boksi zuri siyo ushahidi. Angalia maandishi kwenye udongo wa plagi kama yamekaa sawa, na ncha kama imekaa katikati.

Waya na kepu

Waya za plagi pima kwa multimita, kila mmoja kwa urefu wake. Kwa Toyota za zama hizo kikomo ni kilo-omu 25. Waya mmoja ukisoma mbali sana na wenzake, au usisome kabisa, umekatika ndani.

Kisha subiri usiku. Egesha gari pahala pa giza, washa injini, fungua boneti, chukua chupa ya kunyunyizia na maji kidogo, nyunyiza ukungu mwepesi juu ya waya na kepu huku umesimama mbali. Moto unaovuja unaonekana kwa macho: cheche za buluu zinazoruka kutoka waya kwenda kwenye chuma, na mlio wa tik-tik. Palipo na cheche ndipo penye ugonjwa.

Kepu ifungue, uigeuze, uimulike kwa tochi kutoka pembeni, siyo kutoka juu. Kulikuwa na RAV4 ya Mkoani ambayo mwenyewe, kijana mmoja, alikuwa akiiegesha karibu na pwani. Kila alfajiri ilikuwa ikimisi mpaka ifike Mtambile, kisha inatulia. Kijana alipoipeleka kwa fundi mtu mzima alianza kwa kujitetea.

"Mzee, plagi mpya hizi, na waya mpya."

"Sikatai mwanangu. Hebu nishikie tochi hapa."

Ndani ya kepu, baina ya mguu wa namba 3 na mguu wa namba 4 (vipande vya chuma vinavyopokea moto kwa kila waya), kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kama umechorwa kwa penseli. Miguu hiyo miwili imepakana kwenye kepu kwa sababu moto unafuata mpango wa 1-3-4-2. Kukiwa na umande, moto wa namba 3 ulikuwa ukiteleza juu ya mstari ule na kupotelea kwa jirani. Injini ikipata joto, kepu inakauka na gari inapona. Mstari wa namna hiyo ni plastiki iliyoungua, haufutiki kwa kitambaa. Kepu ilibadilishwa, na kijana akaondoka na plagi zake zile zile.

Ndani ya kepu tazama pia kaboni ya katikati kama ipo na kama inaruka ukiibonyeza, miguu kama imeota uchafu wa kijani au mweupe, na ncha ya rota kama imelika. Ukikuta oili ndani ya distribyuta, sili ya shafti yake imekwisha.

Petroli na hewa

Moto ukiwa upo, nenda kwenye petroli. Chukua bisibisi ndefu, ncha iguse mwili wa nozeli, kipini kiguse mfupa wa nyuma ya sikio. Nozeli inayofanya kazi inagonga tik-tik-tik kwa haraka na usawa. Iliyo kimya, pima omu zake: nyingi za gari hizi zinasoma baina ya 12 na 16, na zote nne zinatakiwa kukaribiana. Omu zikiwa sawa na bado kimya, umeme haufiki, fuata waya na soketi. Miguu ya soketi huliwa na chumvi. Ikigonga lakini silinda imelala, huenda imeziba, na hapo pia unaweza kuihamisha kwenda silinda nyengine uone.

Kama zote zinakatakata wakati wa kubeba mzigo, anza na filta ya petroli. Kisha chukua petroli kidogo kutoka kwenye paipu, itie kwenye chupa ya kioo, iache itulie nusu saa mbali na jiko na jua. Maji yakiwemo yatakaa chini na utaona mstari. Petroli iliyonunuliwa kwenye madumu na chupa za barabarani mara nyingi inakuwa na maji na mchanga, na tangi lililoota kutu kwa juu linaingiza maji wakati wa mvua.

Kwa hewa, fuata kila hosi ndogo kutoka manifoldi mpaka mwisho wake, uzikunje kwa vidole. Raba iliyokauka inapasuka pale inapoingia kwenye chuma. Chukua kipande cha mpira, upande mmoja sikioni, upande mwengine uupitishe polepole kwenye maungio: hewa inayoingia inapiga "ssss". Sailensa ikibadilika ukinyunyiza maji kidogo kwenye ungio, umepapata. Waya za moto usizirowanishe wakati huo.

Kompresheni

Hiki ndicho kipimo ambacho kila mtu angepaswa kukifanya kabla ya kuambiwa anunue injini. Geji yake mafundi wengi wanayo. Injini iwe na joto, plagi zote nne zitoke, soketi za nozeli na za koili zichomolewe, betri iwe na nguvu. Mtu mmoja akanyage mafuta mpaka mwisho na kuzungusha starta mpaka sindano isipande tena. Andika namba ya kila silinda.

Injini nyingi za aina hii zikiwa nzima zinasoma psi 160 na zaidi. Lakini linalohusu kumisi zaidi ni tofauti: silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, umeupata ugonjwa. Tia kijiko cha chai cha oili kwenye silinda hiyo kupitia tundu la plagi, upime tena. Namba ikipanda sana, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ya silinda hedi imekatika baina yao. Zote nne zikiwa chini kwa usawa, angalia alama za taimingi, mkanda huenda umeruka jino.

Valvu siyo lazima iwe imeungua. Nafasi ya tapeti ikibana sana valvu haifungi vizuri, na hiyo inarekebishwa bila kushusha hedi. Muombe fundi aipime kabla ya kufungua bolti hata moja ya hedi. Maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja nje, au yakitoa mapovu injini ikiwaka, gasketi ndiyo ya kwanza. Kifuniko cha rejeta usikifungue ikiwa moto.

Taa ya injini

Vile vifaa vidogo vya kusomea kodi (namba za makosa zinazowekwa na kompyuta ya gari) kwa simu mara nyingi havizungumzi na gari za Japani za miaka ya 1990. Kwa Toyota nyingi za zama hizo ipo njia nyengine: ndani ya boneti kuna kiboksi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, fungua ufunguo bila kuwasha, uhesabu taa ya injini kwenye dashibodi inavyomweka. Ikimweka mfululizo kwa usawa, hapana kodi. Vinginevyo inahesabu makumi, inapumzika, inahesabu mamoja. Kodi 14 inahusu ishara ya moto, 22 sensa ya joto la maji, 41 sensa ya mlango wa hewa. Usiguse tundu jengine, khasa +B. Gari mpya zaidi zinazosomeka zitakupa P0301 hadi P0304, na namba ya mwisho ndiyo silinda. P0300 ni kumisi kusikochagua.

Baada ya kutengeneza

Toa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa nusu dakika ili kompyuta isahau kodi za zamani, uirudishe. Kisha ijaribu gari katika hali ile ile iliyokuwa ikiiumiza: kama ilikuwa alfajiri, iwashe alfajiri, na kama ilikuwa kilimani na abiria, wapakie abiria. Baada ya siku chache za mwendo wa kawaida itoe plagi ya silinda iliyokuwa imelala, uiweke pembeni mwa jirani yake. Rangi zikiwa moja, rudisha plagi na ufunge boneti. Zisipokuwa moja, silinda hiyo bado ina la kukwambia, na karatasi yako itakuonyesha pa kuendelea.